Furu ya Mawe ya Mtoni

Jiwe la mtoni likipata moto hutoa harufu kabla halijatoa sauti. Ni harufu ya ubichi, kama ya konokono, kama ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, na ndani yake kuna uchumvi unaokaa kooni. Jumapili iliyopita majirani zangu hapa mtaani Kinanira walikuwa wanachoma brosheti za nyama uani, na kwa kuwa jiko lao la chuma limeoza, walitega mawe matatu. Nilikuwa nimekaa na sahani yangu, nacheka nao, mpaka harufu ile iliponifikia. Niliinuka, nikambeba mtoto wao mdogo aliyekuwa akicheza karibu na moto, nikaingia naye ndani na kufunga mlango. Waliponifuata kuuliza kuna nini, walinikuta sakafuni, nimemfunika mtoto wa watu kwa mgongo wangu. Niliwaambia kwamba nimepata kizunguzungu. Sikuwa na nguvu ya kuanzia mbali.

Mbali kwenyewe ni Ngagara, mtaa mwingine wa mji huuhuu, katika zile nyumba za zamani zilizopangwa kwa mistari na kupewa namba. Nyumba yetu ilikuwa na ua mmoja nyuma, na ukuta mfupi uliotutenganisha na kina Mama Divine. Baba alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi moja ya serikali. Wiki nzima alichora nyumba za watu wengine, na Jumamosi ikifika alitaka kujenga kitu chake mwenyewe. Shida ni kwamba mikono yake haikuwa na akili ya kalamu yake. Alitujengea banda la kuku lenye madirisha na baraza, likawaangukia kuku usiku wa mvua ya kwanza, akabaki jogoo peke yake, naye akawa halali tena chini ya kitu chochote chenye paa. Akatutengenezea bafu la maji ya moto kwa kupandisha pipa jeusi juu ya bati. Pipa lilipojaa, bati lilikunjika, na maji yote yakamshukia Bibi chumbani kwake akiwa amesujudu.

Bibi ni mama yake mama, mtu wa mtaa wa Buyenzi wa tangu na tangu, aliyekuwa amekuja kukaa kwetu kwa sababu ya maradhi ya miguu. Siku ile alimaliza kwanza swala yake, maji yakimtiririka, kisha akatoka na kumwambia baba kwamba yeye ni mtu mwema, na kwamba kila siku anamwomba Mungu amwondolee ile nyundo mkononi.

Mama alikuwa na wazimu wa aina hiyohiyo, ila wake ulikaa jikoni. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na humo aliwatazama wanawake wa nchi za mbali wakipika. Lugha yao hakuielewa, kwa hiyo aliangalia mikono tu, kisha akaiga kwa vitu vilivyopatikana sokoni. Tulikula lazanya ya chapati na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Tulikula pizza iliyokaangwa juu ya kifuniko cha sufuria, ikiwa na samaki wa mukeke mzima juu yake, miiba na macho. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, sikuwa na mtu wa kumpitishia sahani yangu kwa siri. Baba alikula kila kitu mpaka mwisho, akapangusa midomo, na akasema maneno yaleyale:

"Mama Hadija, hii iko muzuri. Inatafuta chumvi kidogo tu."

Halafu mama mdogo Zuhura akaposwa. Alikuwa mdogo wake mama, na mchumba wake alikuwa fundi wa magari pale Buyenzi, kijana mpole aliyenuka grisi hata akiwa amevaa kanzu. Zuhura alikuja kwetu akamwonyesha mama picha ya gato, yaani keki ya arusi, nyeupe, ya ghorofa tatu, yenye nguzo kati ya ghorofa na ghorofa kama nyumba ya balozi. Mama aliishika simu ile muda mrefu. Kisha akasema gato hiyo ataioka yeye, kwa mikono yake, hapa nyumbani. Zuhura akauliza ataiokea wapi, maana juu ya mbabula ya makaa haiwezekani. Hapo nikamwona baba anaweka kijiko chini, polepole, na uso wake unaingia ile nuru tuliyoijua sote. Bibi naye aliiona, akafumba macho.

"Furu," baba akasema, yaani tanuri la kuokea. "Nitajenga furu."

Haya yote yalikuwa yanatokea wakati watu wanauawa. Lazima niseme hivyo kavukavu, kwa sababu kwa mtoto mambo hayo mawili hayakuwa na ukuta katikati. Shule ilikuwa imefungwa. Mchana vijana wa kartie, yaani wa mtaa wetu, walichoma matairi na kuziba barabara kwa mawe, jioni magari ya watu wenye sare yalikuja kuvibomoa vizuizi hivyo, na usiku zikalia bunduki. Asubuhi watu walitembea wakiangalia mbele, wasiangalie mifereji. Mimi niliangalia, kwa kuwa hakuna aliyenikataza kabla sijaona. Nilimwona mtu aliyevaa soksi moja, na nikasikitika kwamba nyingine imepotea.

Nilikuwa na kosa langu la maneno. Kwetu watu hupiga matofali, na bunduki nazo hupigwa. Baba alichimba shimo uani, akakanyaga udongo na maji, akaanza kupiga matofali ya rukarakara, yale yasiyochomwa, akiyapanga juani moja moja. Basi watu wazima waliposema asubuhi kwamba kule mtaa wa Cibitoke wamepiga usiku kucha, mimi niliwaona watu wa Cibitoke wakiwa wamevua viatu, matope magotini, wanapiga matofali gizani. Nilimwonea baba huruma. Nilidhani mji mzima unajenga furu na wenzake wanamtangulia. Nilimwambia aongeze mwendo, naye alinishukuru, akaniuliza nimeona wapi bidii kama hii.

Papa Divine, jirani yetu wa ukutani, ndiye aliyekuwa akimwazima baba mwiko wa kujengea. Asubuhi moja alitoka kwenda kazini, na kabla ya adhuhuri wanaume wanne wakamrudisha amelala juu ya mlango. Ulikuwa mlango kweli, mlango wa mbao uliong'olewa mahali, wenye kitasa chake bado. Nilimsikia mtu anamwambia mama kwamba wamempiga njiani karibu na soko. Nilipanda juu ya jiwe nikachungulia ukutani, nikatafuta udongo kwenye nguo zake, na sikuuona. Niliona wekundu mwingine. Mama Divine alikuwa amepiga magoti kando ya ule mlango, anapangusa kitasa kwa upande wa kitenge chake, anapangusa tena na tena, kama ndicho kilichokuwa kimechafuka.

Baba alikwenda kumzika, akarudi, akavua koti, akaingia kwenye udongo. Siku ile hakupumzika hata kunywa maji. Mwiko wa Papa Divine aliuosha na kuupeleka kwa mjane, na mjane akamwambia aendelee nao, furu isimame.

Matofali yalipokaribia kukauka, vijana wakaja na toroli. Walikuwa wanataka vya kuzibia barabara. Baba akasimama mbele ya matofali yake akiwa na matope mpaka kwenye nyusi, akawaeleza kwa utaratibu, kama yuko ofisini, kwamba tofali lisilochomwa halizuii gari, kwamba gari litalipita kama linapita juu ya mandazi, na kwamba watajiua bure wakijificha nyuma yake. Mmoja wao alikuwa kijana ambaye baba aliwahi kumfundisha kuchora kwa rula pale mezani kwetu. Kijana huyo akampiga kofi la uso. Lilikuwa kofi la wazi, la mkono mzima. Baba hakuinua mkono wake. Alisogea pembeni, akatazama wanavyopakia. Kesho yake gari la wenye sare likayasaga yote, yakawa vumbi jekundu barabarani, na vijana wawili wakafia palepale. Baba alikwenda kuangalia. Aliporudi nilimsikia akimwambia mama kwamba aliwaambia, akarudia kwamba aliwaambia, kisha akaingia chumbani na hakutoka mpaka giza.

Nilidhani habari ya furu imeisha. Lakini arusi ilikuwa inakaribia. Ndugu wa bwana arusi walitaka isogezwe mbele mpaka mji utulie, na Bibi ndiye aliyekataa. Alisema wakingoja risasi ziishe, watoto hawa wataoana ahera. Na mvua nazo zilikuwa zimeanza, hakuna tofali ambalo lingekauka tena. Basi baba akachukua toroli ya kuazima, akashuka mtoni Ntahangwa, akarudi na mawe. Yalikuwa mawe ya mviringo, laini, ya rangi ya kijivu na ya samawati, yaliyolala majini miaka yote. Aliyaosha kwa brashi kama viazi. Bibi alimuuliza kama anajenga kaburi, na kama ni kaburi, ni la nani.

Safari hii mikono yake ilimtii. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu hakuwa anaongea tena wakati wa kazi, labda mawe yana heshima kuliko mbao. Furu ilisimama katikati ya ua kama yai kubwa lililokatwa, mdomo wake unatazama jikoni, hakuna jiwe lililokaa upande. Mama aliizunguka polepole, akiipitishia kiganja. Baba naye akawa anajifanya anatafuta kitu chini, mpaka mama akamshika sikio na kulivuta kidogo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya watu.

Siku moja kabla ya arusi, asubuhi, nyumba yetu ilijaa harufu ya vanila. Zuhura alikuwa amekaa sebuleni, Bibi anampaka hina mikononi. Mama alikuwa amevunja treyi nzima ya mayai, na aliukoroga unga katika bakuli kubwa la samawati akiwa ameligandamiza tumboni. Baba aliwasha kuni za mikaratusi ndani ya furu. Moto ulishika vizuri, na punde ikaanza kutoka ile harufu niliyoieleza. Mama alikunja pua. Baba akasema kila furu mpya hunuka, ni upya wake unatoka.

Mama aliingiza bati la kwanza, lile la ghorofa ya chini, kisha akarudi jikoni kukoroga unga uliobaki. Baba alinituma nikalete ubao wa kuzibia mdomo wa furu, uliokuwa umeegemezwa ukutani mbele ya nyumba. Naye akanifuata ili anisaidie kuubeba. Tulikuwa tumeushika, yeye upande mmoja na mimi mwingine, furu ilipopasuka.

Wakati ule kila mtu Ngagara aliijua sauti ya guruneti, na hiyo ndiyo sauti tuliyoisikia. Jiwe moja liliruka likatoboa pipa la maji, lingine likapita juu ya ukuta na kuangukia bati la Mama Divine. Kisha ukaja mlipuko wa pili, na wa tatu. Kwa pumzi moja kartie ilinyamaza. Halafu vijana wa kizuizini, waliodhani wamevamiwa, wakapiga kuelekea njia panda, na wenye sare wa njia panda, waliodhani hivyohivyo, wakapiga kuelekea vijana, na sisi tulikuwa katikati.

Baba alinitupa ndani ya korido kama gunia. Tulilala kifudifudi kwenye simenti. Risasi zilipita batini zikiacha matundu ya mwanga, na mwanga huo ulishuka kwa mistari myembamba iliyojaa unga, kwa kuwa rafu ya jikoni ilikuwa imepigwa. Bibi alikuwa chini ya meza anasoma Yasini kwa sauti ya kugombana. Mama alikuwa amelilalia bakuli lake, mkono mmoja umelizunguka lisimwagike. Na Zuhura alikuwa amelala na kidevu chini, amenyoosha mikono yake yote miwili juu hewani, vidole vimetanuka, kwa sababu hina ilikuwa bado mbichi. Mama akimwambia kwa hasira ashushe mikono, yeye anasema ataiharibu. Nilicheka. Naapa nilicheka, na risasi zinalia, kwa sababu alionekana kama mtu anayejisalimisha kwa sakafu.

Zilipotulia, wakaja. Waliruka ukuta wa nyuma. Hatukujua ni wa kikosi gani. Walikuwa na sare, na mkubwa wao alikuwa na miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni kwa kamba, kama ya mwalimu. Walimtoa baba kwa kola ya shati, wakampigisha magoti mbele ya furu, wakamuuliza guruneti nyingine ziko wapi. Mama alitoka nyuma yao kabla hajaitwa. Bibi alinishika, akanibana kwenye ufa wa mlango wa jikoni, kiganja chake kimenifunika mdomo. Macho hakuyafunika.

Baba alieleza. Aliongea kwa Kifaransa, Kifaransa chake cha ofisini, cha polepole. Kwa kidole chake alichora mchangani umbo la jiwe, ndani yake matone ya maji, kisha mishale inayotoka nje, kuonyesha mvuke unavyotafuta njia. Ulikuwa mchoro mzuri. Mkubwa yule alivaa miwani yake, akainama, akautazama kwa makini. Kisha akavua miwani, na mwenzake mmoja akampiga baba kwa kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia meno. Baba aliangukia juu ya mchoro wake, wakamwinua tena magotini.

Mama bado alikuwa amebeba bakuli. Alisogea mpaka mbele ya mkubwa akamwonyesha.

"Ni gato," akasema. "Gato ya arusi ya mudogo wangu. Bomu apana. Iko furu tu, na mi ndiye niliiomba."

Mkubwa alichungulia ndani ya furu, akaliona bati limepindika, gato imekuwa mkaa, vipande vya mawe vimejaa humo. Alifikiri kidogo. Hakuonekana mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Alikuwa anafikiri kama mtu anayepima ushahidi. Akasema kwa Kirundi neno moja, subiramwo, yaani rudia. Kama kweli ni mawe, yatapasuka tena. Washa.

Walimfanya baba aijaze furu kuni mwenyewe na kuziwasha mwenyewe, akiwa magotini, uso wake mbele ya mdomo wa furu. Wao walirudi nyuma ya ukuta wa choo, bunduki zimemwelekea. Mama aliamriwa asogee pembeni. Badala yake aliweka bakuli chini na kupiga magoti kando ya baba. Baba alimsukuma kwa kiwiko, na mama akayumba, akarudi palepale.

"Toka hapa," baba akamwambia. Maneno yalikuwa yanatoka na damu. "Mutoto iko na nani?"

"Iko na Bibi."

"Na Bibi akifa?"

Mama alichukua kuni moja akaisogeza ndani zaidi, kama anavyofanya mtu anayepika na mwenzake, kila mmoja akishughulika upande wake.

Moto ukapanda. Niliona nywele za baba za mbele zinajikunja kwa joto. Harufu ikaja. Kiganja cha Bibi kilianza kunibana mpaka meno yangu yakauma. Kutoka barabarani nilisikia jogoo wetu anawika mahali asipopaswa kuwa.

Jiwe lilipasuka. Baba aliinama ghafla akajifunika uso kwa mikono miwili, na mama akaangukia mgongo wake. Na nyuma ya ukuta wakacheka.

Sijasikia tena watu wakicheka vile. Ilikuwa ni kicheko cha watu walioogopa tangu asubuhi na sasa wameona kwamba kweli lilikuwa ni jiwe, jiwe na unga na mayai. Mmoja alikaa chini kabisa. Mwingine aliegemea ukuta akijipigapiga paja. Mkubwa alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema kitu kuhusu wasomi, wakaanza upya. Nami nikamtazama baba. Alikuwa amejifunika uso, mabega yake yanaruka juu na chini, na sauti inamtoka katikati ya vidole, ya juu, ya kukatikakatika. Nikaona kwamba baba naye anacheka.

Nilimng'ata Bibi mkono, nikatoka mbio. Nilikimbia uani nikicheka, nikazunguka ile furu, nikawaiga wale watu, nikajipiga paja. Mmoja wao alinishika kichwa, akamwambia baba kwamba ana mtoto mchangamfu. Kisha wakaondoka kwa geti, kama wageni. Wa mwisho alichukua bakuli la samawati, akaenda nalo anachovya kidole na kulamba.

Baba hakuondoa mikono usoni mpaka alipokuja Mama Divine. Alikuwa amevaa nguo za msiba. Aliivuta mikono ile taratibu, akaangalia, akafungua kitenge chake cha juu na kumfunga kichwa bila kuuliza kitu. Walimlaza kwenye toroli ileile iliyoleta mawe, mama akashika mkono mmoja wa toroli na Mama Divine mwingine, wakamsukuma mpaka zahanati. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Mama alikuwa na jeraha la sikio, na hakumwonyesha mtu mpaka lilipoanza kunuka.

Arusi ilifanyika. Kesho yake tulivuka Ntahangwa kwa miguu mpaka Buyenzi. Kwa kuwa gato haikuwepo, mama alikaanga vitumbua juu ya makaa, akavipanga juu ya masinia kwa ghorofa tatu, akasimamisha vikombe vya chai kati yake viwe nguzo, na juu akamwagia sukari. Hina ya Zuhura ilitoka nyeusi, nzuri, bila doa. Baba alikataa kubaki kitandani. Alivaa koti lake la ofisini na kofia juu ya bandeji, akakaa kwenye mkeka wa wanaume.

Watu wote walikwisha kusikia. Hakuna aliyemuuliza. Walimsalimia kwa sauti ya chini, ile ya kumsalimia mfiwa, wakapita haraka, na kila alipokaa palibaki nafasi pembeni yake. Hata chakula walimpa kwa kunong'ona. Mimi sikuelewa kwa nini watu wanakuwa hivyo karibu na mtu aliyekuwa na siku ya kuchekesha kuliko zote. Basi shangazi mmoja wa upande wa bwana arusi aliponivuta na kuniuliza polepole baba amepatwa na nini jichoni, nilipanda juu ya benchi ili wote wasikie.

Niliwasimulia. Niliiga mlio wa furu. Niliiga Zuhura na mikono yake, na wachache wakatabasamu. Niliwaiga wenye sare, yule wa kukaa chini, yule wa kujipiga paja, na hapo tabasamu zikaisha, lakini mimi nilikuwa nimeshika kasi. Nikasema kwamba baba ndiye aliyecheka kuliko wote, alicheka mpaka akatoa damu.

Wanawake waliokuwa wakigawa pilau walisimama na masahani mikononi. Mama alikuwa mlangoni na sinia, nikaona linainama na vitumbua vinateleza upande mmoja. Kila mtu alimgeukia baba.

Baba alinitazama kwa jicho moja. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi, ninatabasamu, ninangoja anisifu. Alinitazama muda ambao sasa najua ulikuwa mrefu. Kisha akacheka. Mwanzo kilikuwa kicheko kibovu, kama gari linalokataa kuwaka, na mdomo wake uliovimba haukumruhusu. Akajaribu tena, na kikashika.

"Mutoto anasema kweli," akasema. "Mi ndiye nilicheka kushinda wote."

Aliniita, akanipakata, akaanza kuisimulia yeye, tangu toroli na mto, na Bibi akiuliza kaburi ni la nani. Aliisimulia vizuri. Wanaume walisogea, ile nafasi pembeni yake ikajaa, mtu akamwekea mkono begani. Alipofika kwa Bibi anayemgombeza Mungu chini ya meza, watu walikuwa wanapangusa machozi, na bwana arusi alilazimika kuinama. Mama aliweka sinia chini na kuingia ndani.

Mimi nilibaki gotini mwa baba mpaka mwisho. Goti lile lilikuwa linatetemeka chini yangu muda wote, tangu neno la kwanza, halikutulia hata kidogo, na mimi nikadhani ni kicheko kimemshuka mpaka miguuni, nikazidi kucheka ili tutetemeke pamoja.